Jino Likinyamaza Lenyewe: Kuyasoma Maumivu ya Meno na Kujua Wakati wa Kukimbilia Hospitali

Mtu ameumwa jino siku nne mfululizo. Usiku hakulala, chakula kimemshinda, dawa za maumivu alizokuwa nazo zimekwisha. Asubuhi ya siku ya tano anaamka, analigusa jino kwa ncha ya ulimi, haliumi. Anajaribu maji ya baridi: wapi, kimya. Kama alikuwa na miadi na daktari wa meno anaiahirisha, maana ya nini tena? Wiki kadhaa baadaye shavu limefura, jicho la upande huo linaanza kujifumba, mwili unatetemeka kwa homa, na linalopiganiwa sasa si jino tena bali uhai.

Mkasa wa namna hii hujirudia kwa sababu tumezoea kuupima ugonjwa kwa ukubwa wa maumivu. Yakizidi tunaingiwa na hofu, yakipungua tunashusha pumzi. Kwa meno, kipimo hicho hudanganya mno. Jino linalokuliza usiku kucha huenda bado linatibika kwa urahisi, na jino lisilouma hata chembe huenda limeshakufa na linatunga usaha ndani ya mfupa wa taya. Kinachosema kweli ni namna maumivu yanavyoanza, muda yanaokaa, na jinsi yanavyobadilika siku hadi siku. Hayo mtu yeyote anaweza kujifunza kuyasoma, na Shirika la Afya Duniani lilipokadiria mwaka 2022 kwamba takriban watu bilioni 3.5 wanaishi na maradhi ya kinywa, ni wazi kwamba somo hili si la wachache.

Ndani ya jino mna nini

Ukiliona kwa nje utadhani jino ni jiwe. Tabaka lake la juu, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, na halina neva hata moja. Ndiyo maana tundu linaloanzia kwenye enameli haliumi, na mtu anaweza kuishi nalo miezi mingi bila habari. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na imejaa vijitundu vyembamba sana, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyenye majimaji ndani. Katikati kabisa kuna kiini cha jino: kipande cha nyama laini chenye mishipa ya damu na neva, ambazo huingia kupitia kitundu kidogo kwenye ncha ya mzizi. Mzizi wenyewe haukugandishwa kwenye mfupa. Umening'inizwa kwa nyuzinyuzi fupi zinazolifanya jino lihisi hata punje ya mchanga ikikanyagwa katikati ya meno.

Kinachoozesha jino ni asidi. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno, hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, kikifika chini ya takriban 5.5, enameli huanza kuyeyuka. Mate hufanya kazi ya kuipooza asidi hiyo, lakini yanahitaji muda, mara nyingi nusu saa au zaidi. Ndiyo sababu kinywaji kitamu kinachonywewa funda moja moja mchana kutwa hudhuru meno kuliko kilekile kikinywewa kwa mara moja pamoja na mlo. Hadi leo tunasema jino “limeliwa na mdudu”, na usemi huo una ukoo mrefu: habari za mnyoo anayetafuna meno zimo kwenye vibao vya udongo vya Mesopotamia ya kale, na ilikuwa karne ya 18 ndipo daktari Mfaransa Pierre Fauchard, katika maandishi yake ya mwaka 1728, alipoikataa dhana hiyo. Hakuna mnyoo. Hata hivyo kuna viumbe hai kwenye tundu hilo, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na ndio watakaofika kwenye kiini kama hakuna atakayewazuia.

Maumivu yanavyosimulia

Hatua ya kwanza ni ule mchomo mkali unaokuja ukinywa baridi au kula kitamu, kisha unatoweka mara tu kile kitu kinapoondoka. Baridi hufanya majimaji yaliyomo kwenye vijitundu vya dentini yasogee ghafla, na kusogea huko huzivuta neva zilizo kwenye mpaka wa kiini. Hesabu sekunde: kama maumivu yanaisha ndani ya sekunde chache, kiini bado kizima. Pengine fizi zimeshuka na kuacha shingo ya jino wazi, pengine unapiga mswaki kwa nguvu kupita kiasi, pengine kuna tundu dogo au jino limezibwa juzi. Hili si jambo la kuamsha watu usiku. Lakini ndio wakati mzuri kuliko wote wa kumwona daktari wa meno, kwa kuwa kazi inaweza kuishia kwenye kuziba tu.

Hatua ya pili ni tofauti kabisa. Baridi ikigusa, maumivu hayaondoki nayo. Yanabaki dakika nzima, dakika kumi, nusu saa. Kitu cha moto kinayaamsha. Halafu yanaanza kuja yenyewe bila kuchokozwa, yakipwita kwa mapigo ya moyo, hasa ukishalala. Hapa kiini kimevimba, na uvimbe huo una tatizo ambalo uvimbe mwingine mwilini hauna. Kidole kikivimba ngozi hutanuka. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia, basi msukumo hupanda humohumo ndani na kuzibana neva na mishipa ya damu. Ukilala, damu inayofika kichwani huongezeka na msukumo nao hupanda. Ndiyo maana wenye jino la namna hii hulala wameketi, au wameinua mito miwili mitatu.

Hatua hiyo ina vitimbi vyake. Kiini kina neva za maumivu lakini hakina uwezo wa kutambulisha mahali, kwa hiyo mtu anaweza kuapa kwamba linalouma ni la juu kumbe ni la chini. Jino la nyuma la chini hupeleka maumivu sikioni, la juu huyapeleka kwenye paji na kuzunguka jicho, kwa kuwa neva zote hizo ni matawi ya shina moja. Kinachosaidia ni kwamba maumivu hayo kwa kawaida hayavuki kutoka upande mmoja wa uso kwenda wa pili. Usimlazimishe daktari kung'oa jino ulilolinyooshea kidole kabla hajapima. Meno mazima yameng'olewa kwa njia hiyo, na jino la ukubwani likishatoka halioti tena.

Dalili nyingine ya hatua hii ambayo wengi huielewa kinyume: mtu hawezi kukaa bila maji ya baridi mdomoni. Anatembea na chupa, kila baada ya dakika mbili anasukutua, na akiacha tu jino linawaka. Anajiona amepata dawa. Kwa kweli jino ambalo sasa linapozwa na baridi, wakati siku chache zilizopita baridi ndiyo iliyokuwa adui yake, kwa kawaida lina kiini kinachokata roho.

Kisha huja kile kimya. Kiini kikifa, neva zake hufa nacho, na hakuna tena wa kupiga kelele. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na sijui mahali ambapo maneno hayo yanasadifu kuliko hapa. Damu haifiki tena ndani ya jino, maana yake askari wa mwili hawafiki, na bakteria wamepata nyumba yenye joto, giza na chakula. Wanaijaza, kisha wanatokea kwenye ncha ya mzizi na kuingia kwenye mfupa.

Wakifika hapo, maumivu yanaweza kurudi kwa sura mpya. Baridi na moto havina tena maana. Sasa jino linauma ukilitafunia, ukiligonga, hata ulimi ukilisukuma. Unahisi kama limerefuka na linatangulia kugusana na wenzake, na ni kweli limeinuliwa kidogo, kwa sababu zile nyuzinyuzi zinazolishikilia zimevimba. Sasa pia unaweza kulionyesha bila kukosea, maana nyuzi hizo, tofauti na kiini, zinajua mahali. Usaha ukipata njia ya kutokea, utaona kijipu kwenye fizi, kitapasuka, mdomo utajaa ladha chungu yenye chumvi na harufu mbaya, na maumivu yatatulia tena. Huo ni utulivu wa pili wa uongo. Kijipu kinaweza kufunguka na kujifunga kwa miaka huku mfupa ukiliwa polepole. Na usaha usipotokea kwenye fizi, utatafuta njia nyingine, kuelekea shavuni, chini ya taya au chini ya ulimi.

Si kila jino linalouma ni bovu

Ramani hii ya hatua inahusu jino lililooza, ambalo ndilo la kawaida zaidi. Zipo sababu nyingine, na baadhi hazimo mdomoni kabisa.

Jino lenye ufa huuma kwa namna ya ajabu: unauma kitu, hupati shida, ila unapoachia ndipo mchomo unakuja kama umeme. Ufa unaweza usionekane hata kwenye picha ya eksirei. Wanaosaga meno usingizini huupata zaidi, na asubuhi wao huamka na taya zilizochoka. Magego ya mwisho, yale yanayoota mtu akiwa na miaka kati ya 17 na 25 hivi, mara nyingi hutoka nusu na kufunikwa na kipande cha fizi. Chakula na bakteria hunasa chini yake, fizi inafura, na mdomo unakuwa mgumu kufunguka. Fizi nazo zinaweza kutunga jipu zenyewe ilhali jino halina tundu. Na aliyeng'olewa jino, akaona nafuu siku ya kwanza, halafu kati ya siku ya pili na ya nne akapata maumivu makali yanayokwenda hadi sikioni, huenda bonge la damu lililoziba shimo limetoka na kuacha mfupa wazi. Hali hiyo huwapata wavutaji sigara kuliko wengine. Si hatari kwa uhai, lakini inatesa, na daktari anaweza kuipunguza kwa kusafisha shimo na kuweka dawa.

Mafua yakikaa muda mrefu na magego ya juu yakauma kwa pamoja, matatu au manne ya upande mmoja, na maumivu yakazidi ukiinama, fikiria uvimbe kwenye uwazi wa mfupa wa shavu. Mizizi ya magego ya juu iko karibu kabisa na sakafu ya uwazi huo. Maumivu mafupi mno ya kama shoti ya umeme yanayochochewa na upepo, kunawa uso au kupiga mswaki yanaweza kutoka kwenye neva kuu ya uso yenyewe. Wapo waliong'olewa meno kadhaa kwa sababu hiyo na maumivu yakabaki palepale.

Mawili nayataka yakumbukwe zaidi. La kwanza ni moyo. Maumivu ya taya ya chini yanayokuja ukipanda ngazi au kufanya kazi nzito, na kutulia ukipumzika, yanaweza kuwa ya moyo hata kama kifua hakiumi. Yakija pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi au uzito kifuani au mkononi, ita msaada wa dharura na uache habari za jino. La pili linawahusu waliovuka miaka 50: taya linalochoka na kuuma kila ukitafuna, pamoja na maumivu mapya ya kichwa kwenye panja au ngozi ya kichwa isiyotaka kuguswa hata na kitana. Huo unaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani, na usipotibiwa haraka huweza kupofusha. Kwa wote wawili, daktari wa kwanza si wa meno.

Wakati wa kukimbia

Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu waliokuwa wazima siku chache tu kabla. Sehemu ya chini ya taya ilikuwa ngumu kama ubao pande zote mbili, ulimi umesukumwa juu na nyuma, mgonjwa anatoa udenda na hawezi kumeza mate yake. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, na mara nyingi chanzo chake ni magego ya chini ya nyuma. Sababu ni umbile letu: ncha za mizizi ya magego hayo ziko chini ya mahali msuli wa sakafu ya mdomo ulipojishika kwenye mfupa. Usaha ukitokea hapo haukutani na fizi wala shavu. Unashuka moja kwa moja kwenye nafasi zilizo chini ya taya na kando ya koo. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya waliopatwa walikufa, na wengi wao walikufa kwa kukosa njia ya hewa.

Kwa hiyo dalili zinazotaka hospitali yenye idara ya dharura, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ni zile zinazoonyesha kwamba maambukizi yameliacha jino na kuelekea kooni, jichoni au kwenye damu. Kupumua kwa shida. Kushindwa kumeza, au udenda kutoka kwa sababu mate hayamezeki. Uvimbe chini ya ulimi au chini ya kidevu, hasa ukiwa mgumu na wa pande zote mbili. Sauti kubadilika kana kwamba mtu anaongea na kitu cha moto mdomoni. Mdomo kutofunguka: mtu mzima kwa kawaida anaweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini, na kama viwili haviingii, kuna shida. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni, jicho kufumba, kuona viwiliviwili. Mishipa ya damu ya sehemu ya juu ya uso ina njia za kuwasiliana na iliyo ndani ya fuvu. Na homa kali yenye kutetemeka, moyo kwenda mbio, au kuchanganyikiwa. Usiende kliniki ya meno ukapange foleni. Usilale ukingoje kuona kama asubuhi kutakuwa na nafuu. Uvimbe wa aina hii unaweza kukua kwa saa chache.

Uvimbe wa shavu au fizi usio na dalili hizo, au homa yoyote inayoambatana na jino, ni jambo la kumwona daktari wa meno siku hiyo au kesho yake. Ndivyo pia kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa na yanayokunyima usingizi, na kwa damu isiyokatika baada ya kung'oa jino. Damu hiyo kwanza kunja kitambaa safi, kiweke juu ya shimo, uume kwa nguvu dakika 20 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko kunakobandua bonge la damu kila mara. Ikiendelea, nenda.

Mwenye kisukari hapaswi kusubiri hata kidogo, kwa maana maambukizi hupandisha sukari na sukari iliyopanda huyapa maambukizi nguvu. Vivyo hivyo kwa aliye kwenye matibabu ya saratani au mwenye kinga iliyoshuka kwa sababu yoyote. Na wajawazito, ambao wengi huambiwa wavumilie mpaka wajifungue, wajue kwamba jino lenye maambukizi linaweza na linapaswa kutibiwa ukiwa na ujauzito, ganzi ikiwemo. Kinachotakiwa ni kumwambia daktari mimba ina miezi mingapi.

Jino lililong'oka kwa ajali

Hapa mambo yanahesabiwa kwa dakika. Jino la ukubwani lililoruka zima pamoja na mzizi wake linaweza kurudishwa na kushika tena, kwa sababu mzizi bado umefunikwa na seli hai za zile nyuzinyuzi. Seli hizo hukauka upesi. Likirudishwa ndani ya dakika tano matumaini ni makubwa. Likikaa kavu kwa saa nzima, nyingi zimeshakufa.

Liokote kwa kulishika sehemu ya juu inayoonekana mdomoni, kamwe si kwa mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo tu kwa maziwa, maji yenye chumvi ya hospitalini au mate ya mwenye jino, bila kusugua wala kufuta kwa kitambaa. Kama mtu ana fahamu zake timamu, lirudishe kwenye shimo lake likiangalia upande sahihi, aume kitambaa safi kulishikilia, mwende kwa daktari. Kama haiwezekani, litumbukize kwenye maziwa baridi na kukimbia nalo. Maji ya kawaida si mahali pa kulihifadhi, kwa kuwa hupasua seli hizo. Jino la utoto halirudishwi kabisa. Kulisukuma ndani kunaweza kuliumiza jino la kudumu linalokua ndani ya taya. Na kama jino au kipande chake hakionekani popote, mwambie daktari, maana huenda limeingia kwenye njia ya hewa.

Usiku wa kusubiri

Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa vizuri zinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mzima asiye na makatazo, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hutuliza jino vizuri zaidi kuliko moja peke yake, kwa kuwa kila moja ina njia yake. Ibuprofeni inywewe na chakula, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Na mjamzito aepukane nayo, hasa kuanzia wiki ya 20.

Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa saa 24, na iwe pungufu ya hapo kwa mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au unywaji pombe wa kila siku. Nalisisitiza hili kwa sababu maumivu ya jino ni mojawapo ya mambo yanayojulikana kuwafanya watu wazidishe parasetamoli bila kukusudia. Mtu anakunywa viwili, baada ya saa mbili viwili vingine, halafu dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani. Ini linapoanza kuharibika mtu anaweza asihisi chochote siku ya kwanza. Ukigundua umezidisha, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima.

Aspirini isipondwe na kuwekwa kwenye fizi. Huichoma nyama ikabaki nyeupe na kidonda juu ya maumivu. Watoto walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini kabisa. Mafuta ya karafuu yana kemikali inayotia ganzi kweli, tone moja kwenye pamba linaweza kusaidia kwa muda mfupi, ila yakimwagika kwenye fizi huunguza. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, toa mabaki ya chakula kwa uzi wa meno, lala kichwa kikiwa juu, na kama kuna uvimbe weka kitu cha baridi nje ya shavu kwa dakika kumi au kumi na tano, si kitu cha moto.

Na antibiotiki? Watu wengi hununua kapsuli chache, wanazimeza siku mbili, maumivu yanapungua, wanaamini wamepona. Kwa kiini kilichovimba, antibiotiki hazisaidii chochote, kwani tatizo ni msukumo uliofungiwa ndani ya kuta. Kwa kiini kilichokufa hazifiki, maana dawa husafiri kwa damu na humo damu haiingii tena. Zina kazi yake pale maambukizi yanapoenea na kuleta uvimbe au homa, na hata hapo huenda sambamba na kuondoa chanzo: kupasua jipu, kusafisha mzizi au kung'oa. Kuzimeza ovyo huwazoeza bakteria wa mdomo wako kuishi nazo, na siku zitakapohitajika kuokoa uhai zikute wenyeji wake wameshazijua.

Kwa daktari

Hofu ya kiti kile ni ya kweli na siidharau. Wengi wameibeba tangu utotoni. Mwambie daktari waziwazi kabla hajaanza, na mkubaliane ishara ya mkono ya kumsimamisha. Ujue pia jambo hili la ganzi: kwenye fizi na nyama iliyojaa usaha, ganzi hushika kwa shida kwa sababu eneo hilo lina asidi. Huenda akachoma sindano mbali zaidi, au akatoa usaha kwanza na kukupa siku chache. Aliyekuja mapema huepuka yote hayo.

Atakuuliza maumivu yalianza lini, yanakaa muda gani, yanaamshwa na nini, yanakuamsha usiku au la, na kama yaliwahi kuacha yenyewe. Mjibu kwa kirefu, hasa hilo la mwisho. Kisha atayagonga meno moja moja kwa mpini wa chombo chake, atapiga picha, na atagusa kila jino kwa pamba iliyopoozwa sana. Meno mazima yatashtuka na kutulia. Lenye kiini kilichovimba litakurusha kutoka kitini na kuendelea kuuma. Akifika kwenye lile lililokutesa siku nne na kunyamaza asubuhi ya tano, ataliwekea pamba ile ya baridi, atasubiri, atakuuliza unahisi nini, nawe utamwambia huhisi kitu. Hapo ndipo atakapoacha kuyapima mengine na kukueleza mawili yaliyobaki: kuusafisha mzizi na kuuziba, jino libaki, au kuling'oa.